Wasifu wa Pura Belpré: Mkutubi Aliyehifadhi Ngano za Kwao



Katika mada ya uhifadhi wa fasihi simulizi umejifunza kwamba kazi za fasihi simulizi huhifadhiwa kichwani, katika maandishi, na katika vifaa kama kanda na video. Umejifunza pia kwamba kila njia ina ubora na udhaifu wake. Wanafunzi wengi hukariri hoja hizo kama orodha, lakini wakiulizwa swali la kujadili hukosa mfano wa kuzitetea. Wasifu huu utakusaidia kuziona hoja hizo ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Kumbuka kwamba wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Mtu akiandika maisha yake mwenyewe, kazi hiyo huitwa tawasifu. Unaposoma, jiulize swali moja: ngano ikishaandikwa kitabuni, je, kazi ya fanani imekwisha? Jibu la swali hilo tutalipata kwa mwanamke mmoja aliyekuwa mkutubi, yaani mtunzaji wa maktaba, katika jiji la New York nchini Marekani. Jina lake ni Pura Belpré.

1. Kuzaliwa na malezi

Pura Belpré alizaliwa katika mji wa Cidra, kisiwani Puerto Rico, katika bahari ya Karibiani. Alizaliwa wakati kisiwa hicho kilikuwa kimetoka tu mikononi mwa Hispania na kuingia mikononi mwa Marekani, kufuatia vita vya mwaka 1898 kati ya mataifa hayo mawili. Zingatia hali hiyo, maana ndiyo iliyoamua mambo mengi katika maisha yake. Watu wa Puerto Rico walikuwa wamezungumza Kihispania kwa karne nyingi, na sasa mtawala wao mpya alizungumza Kiingereza.

Baba yake alikuwa mkandarasi wa ujenzi, hivyo familia ilihamahama kufuata kazi. Katika kuhama huko, kitu kimoja hakikuachwa nyuma: hadithi. Bibi yake alikuwa msimulizi, na Pura alikua akisikia ngano ambazo bibi naye alizipokea kwa waliomtangulia. Ngano hizo zilikuwa na mchanganyiko wa mambo ya wenyeji wa asili wa kisiwa, ya Wahispania waliokitawala, na ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Pura hakuzisoma popote. Alizibeba kichwani, kama wewe ulivyobeba hadithi za Sungura na Fisi kabla hujajua kusoma.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1919 na kuanza chuo kikuu huko huko Puerto Rico, akiwa na nia ya kuwa mwalimu. Nia hiyo haikutimia kwa njia aliyoitarajia.

2. Safari ya harusi iliyogeuka kuwa maisha

Mwaka 1920 Pura alisafiri kwenda New York kuhudhuria harusi ya dada yake. Tangu mwaka 1917 watu wa Puerto Rico walikuwa wamepewa uraia wa Marekani, kwa hiyo waliweza kuingia New York bila vikwazo vya uhamiaji. Wengi walikwenda kutafuta kazi. Pura alikwenda harusini, akabaki. Mwanzoni alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, kama wanawake wengi wa kwao.

Wakati huo tawi la maktaba ya umma lililokuwa Mtaa wa 135, eneo la Harlem, lilikuwa chini ya mkutubi aitwaye Ernestine Rose. Mama huyu aliona kwamba wakazi wa mtaa wake walikuwa wakibadilika. Watu weusi walikuwa wengi, na wasemaji wa Kihispania walikuwa wakiongezeka. Aliamini kwamba maktaba haiwezi kuwahudumia watu isipokuwa na wafanyakazi wanaofanana nao na wanaojua lugha yao. Kwa hiyo alitafuta msaidizi anayezungumza Kihispania.

Nafasi hiyo ilipelekwa kwanza kwa dada yake Pura. Mume wa dada hakukubali mkewe aajiriwe. Ndipo Pura akashauriwa aichukue yeye, na mwaka 1921 akaanza kazi. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Puerto Rico kuajiriwa katika maktaba ya umma ya New York.

Tazama jinsi nafasi kubwa ilivyopita katika mlango mdogo. Mwanamke mmoja alizuiwa kufanya kazi, mwingine akaipokea kazi hiyo na kuifanya kuwa ya maisha yake. Ukiulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke katika jamii, tukio hili lina pande mbili: kikwazo alichowekewa mmoja, na uwezo aliouonyesha mwingine alipofunguliwa mlango.

Katika jengo hilo hilo la Mtaa wa 135, mwaka 1926, maktaba ilipokea mkusanyiko mkubwa wa vitabu na nyaraka kuhusu historia ya watu weusi. Aliyeukusanya ni Arturo Schomburg, mtu mweusi ambaye naye alizaliwa Puerto Rico. Hivyo Pura alifanya kazi mahali ambapo suala la kuhifadhi urithi wa watu waliosahauliwa lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu.

3. Rafu isiyokuwa na hadithi za kwao

Pura alipewa kazi katika chumba cha watoto. Alipozitazama rafu aliona ngano za nchi nyingi za dunia zikiwa zimepangwa vizuri. Akatafuta ngano za Puerto Rico, zile alizosimuliwa na bibi yake. Hakuziona.

Jiweke katika nafasi ya mtoto wa Puerto Rico aliyefika New York mwaka huo. Nyumbani anazungumza Kihispania. Shuleni anafundishwa kwa Kiingereza. Anaingia maktaba, mahali panaposemwa kuwa na hekima ya dunia nzima, na hapo hakuna hata kitabu kimoja cha hadithi anayoijua. Mtoto huyo hataambiwa na mtu kwamba kwao hakuna jambo la maana. Rafu yenyewe itakuwa imemwambia.

Hilo ndilo tatizo ambalo Pura aliamua kulishughulikia. Alipopelekwa kusomea ukutubi katika chuo cha maktaba hiyo, mojawapo ya masomo aliyochukua lilikuwa usimulizi wa hadithi. Wanafunzi walitakiwa kuandaa hadithi. Pura aliandika ngano ya bibi yake kuhusu Martina na Pérez.

Martina ni mende mrembo mwenye maringo. Anajipamba, anakaa kibarazani, na wachumba wanakuja mmoja baada ya mwingine kumposa. Kila mmoja anaulizwa atakavyozungumza naye wakishaoana, na kila mmoja anajibu kwa sauti yake. Wote wanakataliwa, mpaka anapofika Pérez, panya mwenye adabu na sauti ya kupendeza. Wanaoana. Siku moja Pérez anavutwa na harufu ya chakula kilicho jikoni, anachungulia ndani ya chungu kinachochemka, anatumbukia na kufa. Martina anabaki akiomboleza.

Mtahiniwa, ichambue ngano hii kwa kutumia vipengele unavyovijua. Wahusika ni wadudu na wanyama wenye tabia za binadamu. Kuna takriri katika swali linaloulizwa kila mchumba. Kuna nafasi ya fanani kubadilisha sauti, na nafasi ya hadhira kucheka kabla haijahuzunika. Vipengele vyote hivyo unavikuta pia katika ngano za kwetu.

4. Fanani mbele ya hadhira

Kwa desturi, wasimulizi wa maktaba ile walisimulia hadithi zilizokwisha kuchapishwa. Ngano ya Pura haikuwa imechapishwa popote, hivyo ilihitaji kibali kuisimulia. Alipewa. Hapo unaona jambo la kujadili: utaratibu uliowekwa kwa nia njema, wa kuhakikisha ubora wa hadithi, ungeweza kuifungia nje jamii nzima ambayo fasihi yake ilikuwa bado mdomoni.

Mwaka 1929 alihamishiwa tawi la Mtaa wa 115, kwa sababu watu wa Puerto Rico walikuwa wamehamia kwa wingi upande ule wa Harlem. Ndiyo miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi zilikuwa adimu na familia nyingi zilikuwa na shida. Katika hali hiyo Pura alianzisha saa za hadithi kwa lugha mbili, Kihispania na Kiingereza. Mtoto aliyejua lugha moja aliweza kuifuata hadithi na kuisikia lugha ya pili bila kuaibishwa.

Usidhani alikaa kwenye kiti chake akingoja watu. Wazazi wengi waliamini kwamba maktaba ni ya wanaojua Kiingereza tu. Basi aliwafuata. Alikwenda makanisani, mashuleni na katika vyama vya wakazi kuwaeleza kwamba maktaba ni yao na haina malipo. Alisaidia kuingiza vitabu vya Kihispania katika rafu. Kila mwaka tarehe 6 Januari, maktaba iliadhimisha sikukuu ya Wafalme Watatu, siku ambayo watoto wa Puerto Rico huisubiri kwa hamu. Maktaba ikawa mahali pa sherehe ya jamii, na watu waliokuja kwa ajili ya sherehe walirudi kwa ajili ya vitabu.

Saa ya hadithi ilikuwa na taratibu zake. Mshumaa uliwashwa, hadithi ikasimuliwa, na mwishoni mtoto alinuia jambo moyoni kabla ya mshumaa kuzimwa. Linganisha na ngano zetu, ambazo huanza kwa mwanzo maalumu na kumalizika kwa mwisho maalumu. Lengo ni lile lile: kuitenga hadhira na shughuli za kawaida na kuiingiza katika ulimwengu wa hadithi.

Pura alitumia pia vikaragosi, yaani sanamu ndogo zinazochezeshwa kwa mikono. Martina na Pérez wakapata miili na mienendo, nao watoto wakawaona kwa macho yao. Kwa lugha ya mada yetu, alikuwa akirudisha utendaji katika hadithi.

5. Kutoka mdomoni hadi kitabuni

Mwaka 1932 hadithi ya Pérez na Martina ilichapishwa kuwa kitabu. Tangu hapo kilikuwepo kitabu cha kuwekwa kwenye rafu ile. Mtoto wa Puerto Rico aliweza kukichukua kwa kadi yake, akaenda nacho nyumbani, na bibi yake akaitambua hadithi iliyomo.

Mwaka 1940 Pura alihudhuria mkutano wa chama cha wakutubi wa Marekani katika jiji la Cincinnati na kuwasilisha mada kuhusu kazi yake na wasemaji wa Kihispania. Safari hiyo ilimkutanisha na Clarence Cameron White, Mmarekani mweusi aliyekuwa mtunzi wa muziki na mpiga fidla. Walioana mwaka 1943. Baadaye Pura aliacha kazi ya maktaba ili aandamane na mumewe katika safari zake za muziki na apate nafasi ya kuandika. Mwaka 1946 kilitoka kitabu chake kilichokusanya ngano nyingi za Puerto Rico kwa Kiingereza. Jina lake linamtaja chui mkubwa na sungura. Nadhani huhitaji kuambiwa nani mwenye nguvu na nani mwenye akili.

Kwa kuandika, Pura alipata faida zile unazozijua: hadithi iliweza kufika mbali, kudumu muda mrefu, na kuwafikia watoto ambao hawakupata kuonana na msimulizi wake. Lakini zingatia gharama. Hadithi iliyosimuliwa kwa Kihispania ilichapishwa kwa Kiingereza, kwa sababu wachapishaji na wasomaji wengi walikuwa wa lugha hiyo. Sauti ya bibi haikuweza kuingia katika karatasi. Hadithi iliyokuwa ikibadilika kila inaposimuliwa ilipata umbo moja lisilobadilika.

6. Kurudi kazini

Mume wake alifariki mwaka 1960. Pura akarudi maktaba, safari hii akiwa mtaalamu wa huduma kwa watoto wasemao Kihispania, akizunguka matawi mbalimbali ya jiji. Idadi ya watu wa Puerto Rico ilikuwa imeongezeka sana kuliko miaka aliyoanza. Watoto walikuwa wapya, na swali lilikuwa lile lile: je, rafu inawajua?

Alistaafu mwaka 1968. Hata hivyo aliombwa kushiriki katika mradi wa maktaba wa Bronx Kusini, eneo lenye umaskini mkubwa lililokuwa na wakazi wengi wasemao Kihispania. Alikubali. Alianzisha huko maonyesho ya vikaragosi na kuyapeleka kwa watoto mahali walipo. Hapo ndipo jibu la swali letu linapoonekana. Alikuwa mzee mwenye vitabu vilivyochapishwa. Angeweza kusema kwamba ngano zimeshahifadhiwa, sasa watoto wazisome wenyewe. Badala yake alisimama tena mbele ya watoto na kusimulia. Aliendelea pia kuandika, na vitabu vingine vilitoka katika miaka ya 1960 na 1970, kikiwemo kimoja kuhusu Juan Bobo, yule kijana mjinga wa ngano za Puerto Rico ambaye watoto hawachoki kumcheka.

Mwaka 1982 jiji la New York lilimtunuku tuzo ya meya ya sanaa na utamaduni. Alifariki tarehe 1 Julai mwaka huo huo.

7. Urithi wake

Mwaka 1971 wakutubi wanaowahudumia Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wasemaji wa Kihispania nchini Marekani waliunda chama chao kiitwacho REFORMA. Mwaka 1996 chama hicho, kwa kushirikiana na kitengo cha huduma za watoto cha chama cha wakutubi wa Marekani, kilianza kutoa tuzo yenye jina la Pura Belpré. Tuzo hiyo hutolewa kwa waandishi na wachoraji Walatino wa vitabu vya watoto na vijana. Mwanzoni ilitolewa kila baada ya miaka miwili. Tangu mwaka 2009 hutolewa kila mwaka, kwa kuwa vitabu vya kushindanishwa viliongezeka. Linganisha na mwaka 1921, ambapo hakikuwepo hata kimoja cha kuanzia.

8. Hoja za kuondoka nazo

Kwanza, kuhifadhi kichwani peke yake ni hatari. Kama Pura asingeandika, ngano za bibi yake zingeweza kupotea katika kizazi kimoja cha watu waliohama.

Pili, kuhifadhi kwa maandishi peke yake hakutoshi. Kitabu kinatunza maneno, lakini hakitunzi sauti, ishara na vicheko vya hadhira. Kwa hiyo Pura aliandika na bado akasimulia. Hili ndilo jibu la swali tuliloanza nalo: maandishi hayamalizi kazi ya fanani, yanampa fanani mwingine kitu cha kuanzia.

Tatu, uhifadhi ni suala la heshima pia. Jamii isiyoona hadithi zake mahali panapoheshimiwa hujifunza kuzidharau.

Ukitumia mfano huu katika mtihani, usisimulie maisha yote ya Pura. Taja hoja, toa tukio moja linaloithibitisha, kisha rejea kwenye hoja. Halafu ongeza mfano wa kwenu, maana mtahini atapenda kujua kama umeielewa mada au umekariri maisha ya mtu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu.
2. Kwa nini Pura hakuziona ngano za Puerto Rico katika rafu za maktaba? Toa sababu mbili.
3. Taja mambo matatu aliyoyafanya Pura ili kurudisha utendaji katika hadithi zilizoandikwa.
4. "Maandishi ni rafiki na ni adui wa fasihi simulizi." Jadili kwa kutumia mifano kutoka katika wasifu huu na katika jamii yako.
5. Msikilize mzee mmoja wa nyumbani au jirani akisimulia ngano. Iandike kwa ukurasa mmoja, kisha orodhesha mambo matatu uliyoyaona au kuyasikia ambayo hukuweza kuyaweka katika maandishi.

Swali la 5 halisahihishwi na mtahini. Lifanye hata hivyo, tena mapema, mzee akiwa bado yupo wa kukusimulia.